Kioo cha Pili cha Mzee Fungua

Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima, pamoja na watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu, unamwita Mzee Fungua, maana hilo ndilo neno alilolitamka kuliko yote maishani mwake. Miaka ishirini na sita alisimama kwenye geti la kiwanda cha sabuni, saa ya watu kutoka kazini, na kila aliyefika mbele yake aliambiwa neno moja: fungua. Mkoba, fungua. Bakuli la chakula, fungua. Mwavuli nao fungua, kwa sababu kuna fundi mmoja alitaka kutoka na miche minne ya sabuni ndani ya mwavuli, siku ambayo angani hakukuwa na wingu hata la dawa.

Mtu akistaafu hurudisha sare na kitambulisho, lakini macho anaondoka nayo. Nyumbani mzee aliendelea na kazi ileile bila mshahara. Mkate ulipimwa kwa kiganja usije ukawa umepungua. Muuza maziwa alisubirishwa mlangoni mpaka maziwa yanuswe, yaonjwe, yadondoshwe tone kwenye ukucha. Mkewe alishazoea zamani. Binti yao, mtoto wa pekee, hakuzoea, alinyamaza tu, na watu wengi huwa tunayachanganya hayo mawili. Tangu yuko shule alikuwa akirudi anauweka mkoba mezani na kuufungua mwenyewe kabla hajaambiwa.

Sasa binti huyo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mpimaji katika maabara ya zahanati, na alikuwa amepata mchumba. Hapo ndipo mzee alipopata kazi hasa. Mchumba mwenyewe alikuwa na kibanda kwenye mtaa wa vipuri, anauza na kufunga vioo vya magari, na wenzake walimwita Bwana Vioo. Wazee wake walikuwa waje Jumamosi saa kumi jioni kuzungumza, na neno la kuwajibu lilikuwa la baba. Binti hakuomba kingine. Alitaka baba yake aseme ndiyo, na aiseme kwa moyo mweupe. Mama alikuwa ameridhika siku nyingi. Baba mdogo wa binti, yaani mdogo wake mzee, mtu mpole anayetengeneza saa, naye aliridhika. Mzee peke yake ndiye aliyebaki anasema, "Nitamwangalia kwanza."

Na sababu alikuwa nayo, au alidhani anayo. Gari lake dogo la bluu, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake na kulitunza kuliko meno yake mwenyewe, lilikuwa halina vioo vya pembeni vya maana. Cha kulia kilipasuka kikashikiliwa kwa gundi ya karatasi. Cha kushoto kiling'olewa mchana kweupe nje ya soko, kikabaki kikonyo na nyaya zinaning'inia. Na kiling'olewa lini? Wiki mbili kamili baada ya binti kumtaja huyo kijana kwa mara ya kwanza.

"Yeye anauza vioo," mzee alimwambia mkewe. "Mimi vioo vyangu vinapotea. Wewe huoni kitu hapo?"

"Cha kulia ulikigonga mwenyewe kwenye nguzo ya geti," mama akamjibu, hata hakuinua macho kwenye mchele anaouchagua. "Au nguzo nayo kaisogeza yeye?"

Mzee hakuona cha kuchekesha. Na kijana alipotuma salamu kwamba atakuja Alhamisi kumfungia vioo vipya, palepale nyumbani, zawadi yake kabla ya wazee kufika, shaka ikaota mizizi. Zawadi kabla ya maongezi, hiyo kwa mtu wa geti ina jina lake. Lakini akakubali haraka sana, kwa sababu alitaka kuiona ile mikono ikifanya kazi. Mwizi wa vioo, alijiambia, hujulikana kwa wepesi wake. Akiking'oa kioo kwa dakika mbili, basi nimemkamata.

Alhamisi saa nane mchana kijana akafika na maboksi mawili ya kaki na mfuko wa vifaa. Alikuwa mrefu, mwenye haya kidogo, na shati alilolipiga pasi kwa ajili ya kazi ya kulala chini ya milango ya gari. Mzee akaitikia shikamoo yake huku akiutazama mfuko.

"Fungua tuone," akasema.

Kijana akafungua boksi la juu, akatoa kioo cheusi kinachong'aa, kimefungwa kwenye nailoni. Mzee akakigeuza, akakigonga kwa kucha, akakinusa. Msicheke, kweli alikinusa.

"Hiki orijino?"

"Si orijino, mzee. Orijino ya gari hili haitengenezwi tena."

"Kumbe feki."

"Si feki pia. Ni kipya, ila kimetengenezwa na kampuni nyingine, kwa vipimo vilevile."

"Kitu kisicho orijino na kisicho feki," mzee akasema taratibu, "mimi sijawahi kukiona." Na ubishi wa orijino na feki ukawachukua robo saa nzima, mpaka boksi la pili likasahaulika juu ya kibao cha kufulia. Yaani Mzee Fungua, kwa jina lake hilo, boksi la pili hakulifungua. Aibu gani hii kwa mtu wa geti.

Alikuwa na mtego mwingine aliouamini zaidi. Ndani ya mfuko wa mlango wa kushoto alikuwa ameweka tochi mpya, ndogo, ya kutia tamaa. Kijana alipofungua mlango tu, akaiona, akaitoa akampa kwa mikono miwili. "Tochi yako, mzee, isije ikadondoka nikaikanyaga." Mzee akaipokea. Mtu mwingine angesema basi, kijana mwaminifu. Yeye akasema moyoni, mh, kajua nimemtega. Huyu si mwanafunzi, huyu mzoefu.

Kazi ikaanza. Kijana aliizungushia bisibisi bapa kitambaa ili isichubue rangi, akabandua kile kipande cha plastiki cha pembe tatu kilicho kwenye kona ya dirisha, kwa ndani. Akafungua skrubu mbili zilizojificha nyuma ya mkono wa mlango, akaingiza vidole chini ya kava la ndani, akalivuta kidogokidogo huku vibanio vyake vikilia kimoja baada ya kingine. Mlango ukabaki uchi, nyaya na matundu nje. Akachomoa soketi ya waya. Akafungua nati tatu za namba kumi, mkono mmoja ndani na spana, mkono wa pili nje umekishika kile kikonyo kisianguke. Kikatoka. Mzee akatazama saa yake. Dakika nne na nusu.

"Milango ya watu unafungua mingapi kwa siku?" akauliza.

"Inategemea, mzee. Siku nzuri mitano, sita."

"Wenyewe wakiwepo?"

Kijana akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akarudisha uso kazini. Kuanzia hapo mikono ikapunguza mwendo. Alipachika kioo kipya na mpira wake mwembamba wa kuzuia maji, akazianza nati zote tatu kwa vidole kabla ya kuzikaza kwa spana, akachomeka soketi, akawasha swichi ya gari na kubonyeza kitufe. Kioo kikainama, kikainuka, kikageuka huku na huku bila kelele. Ndipo akarudisha kava. Kazi safi, na mzee aliijua kazi safi akiiona, jambo lililomuudhi zaidi. Hata ule mwendo mpya wa polepole aliuandika kama kosa. Mbona mwanzo alikuwa na kasi? Anaficha nini?

Wakahamia upande wa kulia. Kava likatoka, kioo cha zamani na gundi yake ya karatasi kikawekwa chini. Kijana akaliendea lile boksi la pili, akalifungua, akachungulia. Akalifunga tena, upesi. Kijasho chembamba kikamtoka kwenye paji la uso.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Nakuja. Napiga simu mara moja tu."

Akazunguka nyuma ya tangi la maji, chini ya dirisha la chumba cha binti. Mzee akamwacha apige hatua kumi, kisha akamfuata kwa ule mwendo wake wa zamani, kisigino hakigusi chini. Akasimama upande wa pili wa tangi. Sauti ilikuwa ya kunong'ona, lakini kwa masikio ya mtu wa geti kunong'ona na kupiga kelele ni kitu kimoja.

"Sikiliza ndugu yangu, nina majike mawili," kijana alikuwa anasema. "Ndiyo, mawili. Moja nimeshalimaliza, hapahapa kwa mzee. Limetulia, halina tatizo. Hilo la pili sina kazi nalo, nakuletea jioni utafute wa kumpa." Akanyamaza akisikiliza. "Hapana, mzee hajui. Usinipigie huku, atashtuka. Anavyoniangalia huyu, akijua tu nimekwisha."

Mzee Fungua alilishika tangi kwa kiganja. Jike. Binti yake wa pekee, aliyemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa kiwanda siku za Jumapili, leo anaitwa jike, tena limeshamalizwa, tena limetulia. Na la pili linapelekwa jioni likatafutiwe mtu wa kupewa. Moyo ulimuuma na papo hapo, jamani niseme kweli, ulifurahi kidogo. Nilijua, alijiambia. Mimi huwa sikosei.

Kijana alipotokeza nyuma ya tangi walikutana uso kwa uso.

"Kusanya vifaa vyako," mzee akasema.

Rangi ikamshuka kijana. "Mzee, umesikia."

"Nimesikia yote."

"Basi nisamehe. Ni kosa langu, sibishi. Nilitaka kulirekebisha kimyakimya kabla hujajua."

"Kimyakimya."

"Niliharakisha, mzee. Mle ndani mna giza na mawili yale yamefanana sana, nikachukua bila kuangalia. Wewe mwenyewe ungechanganya."

Mzee akamsogelea. "Ningechanganya mimi?"

"La pili nalirudisha leo, naapa. La kwako halina shaka, limeshakaa, hilo halitoki tena."

Kama mzee angekuwa na rungu lake la geti siku ile, tungekuwa tunasimulia mambo mengine. Alinyoosha kidole kuelekea barabarani. Hakulitamka lile neno, alilionea aibu, na kwa vile hakulitamka kijana hakupata nafasi ya kuuliza. "Toka nyumbani kwangu," akasema. "Na hao wazee wako uwaambie Jumamosi wakapumzike."

Kijana alisimama kama mtu aliyesomewa hukumu ya mwingine. Kwa kosa la boksi, lazima alijiuliza, mtu anakosa mke? Lakini hakujibizana na mkubwa. Aliokota spana zake moja moja, akaliacha boksi palepale kwa kuchanganyikiwa, akaondoka.

Mzee akainua macho. Binti yake alikuwa dirishani, juu ya tangi, mikono kwenye nondo.

"Umesikia mwenyewe?" akamwuliza.

"Nimesikia, baba," binti akasema. Akakaa pale bado anamtazama, muda mrefu kuliko kawaida, kama anasubiri kitu. Mzee akadhani ni uchungu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akageuka, na nyuma yake akasikia dirisha linafungwa.

Ijumaa asubuhi nyumba ilikuwa na kimya cha kuudhi. Binti alitoka kwenda kazini bila kunywa chai. Mzee akamwambia mkewe kwamba anampigia simu mdogo wake awazuie wageni, na mkewe akamuuliza kwa nini hasa. Alishindwa kulisema lile neno hata kwa mkewe. Alisema tu, "Nilichokisikia kinatosha."

"Ulichokisikia," mama akasema. "Umemuuliza maana yake?"

"Hayo nayo ni ya kuuliza?"

"Basi ngoja mpaka mchana. Gari lako liko wazi mlango, mvua ikinyesha utalia. Maliza hilo kwanza, wageni wazuie baadaye."

Akaona sawa. Na kweli, kwani kulikuwa na ugumu gani? Alikuwa ametazama kazi nzima kwa macho mawili. Akachukua spana yake namba kumi, akalifungua boksi la pili kwa mara ya kwanza, akatoa kioo, akakipeleka kwenye mlango wa kulia. Akakipachika kwa nje.

Kioo kikatazama mbele. Mgongo wake mweusi ndio uliomwelekea dereva, na ile sehemu ya kujiona ilikodolea barabara inayokuja, wakati kazi ya kioo cha pembeni ni kutazama nyuma. Mzee akakichomoa, akakirudisha. Kikatazama mbele tena. Akakigeuza miguu juu kichwa chini. Sasa kilitazama nyuma vizuri tu, ila bolti zake tatu zilikuwa juu wakati matundu yako chini, na soketi ya waya imekwenda upande usiofikika. Alihangaika nacho nusu saa, jasho limelowesha kola. Majirani walipita wakampa pole. Kila pole aliipokea kama tusi.

Halafu akatabasamu. Kumbe huyu mshenzi ameniletea kioo kibovu makusudi. Cha kwanza kizima ili nimwamini, cha pili cha kunipiga changa la macho. Ushahidi huu hapa, unashikika. Akakitia kioo kwenye mfuko, akaenda nacho kwa miguu mpaka mtaa wa vipuri. Kwenye kibanda cha kijana hakwenda. Alikwenda mwanzo wa mtaa, kwa mama mmoja mnene anayeuza taa za magari, mwenye sauti ya kuongoza mnada, akakiweka kioo kaunta.

"Nataka uniambie ubovu wa kitu hiki," akasema. "Nimeuziwa na tapeli."

Mama akakitazama mara moja. "Hakina ubovu."

"Hakiingii."

"Unakifunga upande gani?"

"Kulia. Cha kushoto kimeshaingia."

Mama akacheka mpaka kifua kikatikisika. "Kitaingiaje, mzee wangu? Hili jike."

Mzee akamtazama. "Umesema nini?"

"Hili ni jike. Wewe unataka dume." Akamwona bado amemtolea macho, akapunguza sauti kama anayemfundisha mtoto. "Sisi huku kioo cha kushoto tunakiita jike, cha kulia dume. Mtaa mzima ndivyo tunavyoita, tulikuta hivyo. Si mnasema nyie wazee, mkono wa kuume na mkono wa kike? Ndiyo hiyohiyo. Nani kakupa majike mawili? Si bure, alichukua boksi bila kufungua. Stoo zetu hizi hazina taa, na yalivyofanana, hata mimi yamenikuta."

Mkono wa kuume. Mzee aliyatumia maneno hayo kila siku ya Mungu. Akielekeza mtu njia, kata mkono wa kuume. Mama yake alimfundisha kula kwa mkono wa kuume. Akasimama pale na maneno ya jana yakaanza kurudi, moja moja, kila moja limevaa nguo nyingine. Nina majike mawili. Moja nimeshalimaliza, hapahapa kwa mzee. Limetulia. La pili sina kazi nalo. Mzee hajui, usinipigie huku, anavyoniangalia huyu. Kijana wa watu alikuwa amekosea boksi, akaogopa kusema, na aliogopa kwa sababu ya macho ya mzee mwenyewe.

"Mzee, nikuletee kiti?" mama akauliza.

Hakukaa. Alikwenda mbio mbio mpaka kibanda cha kijana, akakikuta kimefungwa. Jirani akasema Bwana Vioo ametoka na boksi mkononi, hajasema anakwenda wapi. Mzee akarudi nyumbani na kioo chake kwenye mfuko, na njia nzima alikuwa akijitungia maneno. Kusema nimekosea si neno refu, lakini yeye alikuwa hajawahi kulitumia, na kila alipolijaribu lilimkwama.

Binti alikuwa amesharudi kutoka zamu ya asubuhi. Alikuwa sebuleni anapiga pasi koti lake jeupe la maabara. Mezani kulikuwa na boksi jipya la kaki.

"Ameleta dume," binti akasema. "Nilimkuta getini. Hakutaka kuingia."

Mzee akavuta kiti. "Mwanangu, jana nilisikia neno nikalielewa vibaya. Lile neno, jike. Kumbe ni kioo cha kushoto. Si tusi. Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani."

"Umejuaje?"

"Nilikuwa dirishani, baba. Nilisikia alichosema na nikaona uso wako." Pasi ilikwenda na kurudi kwenye mkono wa koti. "Na jike nalijua. Alinifundisha wiki ya kwanza, nilicheka siku nzima."

Mzee hakuamini. "Ulijua ni kioo, ukanyamaza namna ile?"

"Nilisubiri uniulize." Akaiinua pasi, akaisimamisha. "Uliniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia. Nikabaki pale. Nikasema sasa hivi ataniuliza, mwanangu, huyu ana maana gani? Neno moja tu, tungecheka wote watatu. Hukuuliza. Ulinitikisia kichwa ukaenda zako."

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni, amesimama na sufuria, hasogei.

"Nimekosea," mzee akasema. Kumbe lilitoka. "Nitakwenda kumwomba radhi leo hii. Na kesho wageni waje. Nitasema ndiyo, tena kwa moyo wote. Nimemwangalia, nimemwona, kijana hana kasoro."

Alidhani atamwona binti yake anafurahi. Binti akamtazama, na machozi yakamjaa bila kudondoka.

"Wageni watakuja," akasema. "Nilishaongea na baba mdogo asubuhi, nilimwambia asiwazuie hata ukimpigia. Na neno la kuwajibu atalisema yeye."

"Yeye? Mimi ndiye baba yako."

"Wewe ndiye baba yangu, na utakaa pale mbele. Lakini ndiyo yako, baba, inakuja kwa sababu umekagua hukukuta kitu. Mimi nimekaguliwa tangu niko mtoto. Kila siku umeniamini baada ya kuona. Sitaki niolewe kwa sababu hakuna kilichokutwa." Akafuta macho kwa kiganja. "Baba mdogo nilipomtajia jina tu, kabla hajamwona hata kwa picha, alisema, ukimpenda wewe mimi nampenda. Ndiyo ya hivyo ndiyo ninayoitaka."

Mzee akamgeukia mkewe amsaidie. Mkewe akaangalia ndani ya sufuria.

Jioni ile alikwenda kweli mpaka kibandani, akaomba radhi mbele ya watu, na Bwana Vioo akamsamehe kabla hajamaliza sentensi, huku akitafuta kiti cha kumkalisha. Asubuhi yake wakafunga dume pamoja, mzee ndani na spana, kijana nje ameshika. Kioo kikainama, kikainuka. Hata walicheka. Mzee akaona basi, mambo yameisha, binti naye moyo utakuwa umepoa. Akaoga mapema, akavaa kanzu yake ya heshima, na kichwani akapanga jibu zuri, refu kidogo, lenye radhi ndani yake, kwa ajili ya lolote litakalotokea.

Wageni walifika saa kumi kamili, wazee watano. Walikaribishwa, wakakaa, wakasalimia, wakaulizana hali za nyumba mpaka zikaisha. Kisha mkubwa wao akaeleza kilichowaleta, kwa maneno mazuri ya mtu anayejua kuomba, na alipomaliza akamgeukia mzee.

"Sasa baba wa binti, sisi tunakusikiliza wewe."

Mzee akafungua mdomo, na lile jibu lilikuwapo lote, kuanzia neno la kwanza. Akatazama kwenye ujia ambako binti yake alikuwa amesimama na shela begani. Binti hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Alikuwa akimwangalia tu, aone atafanya nini.

"Atakayewajibu ni mdogo wangu," mzee akasema.

Wageni wakatazamana kidogo, kwa adabu. Mdogo wake akakohoa, akasema ndiyo, nyumba hii imemkubali kijana wenu, na watu wakapiga makofi. Mzee naye akapiga, taratibu, amekaa kwenye kiti chake cha mbele kama mgeni aliyealikwa.